Fataki, asidi na jirani wa ukuta kwa ukuta

Barua zilizotufikia safari hii zimetoka hapa mkoani Mwanza: Nyegezi, Ilemela, Kirumba, katikati ya jiji, Magu, Nyakato na Mabatini. Waandishi wake hawafahamiani, ila wote wanataka kujua kitu kinacholipuka au kinachochoma kikae umbali gani na watu, na nani mwenye mamlaka ya kukikataza. Kabla ya yote, andikeni namba hizi ukutani: Zimamoto na Uokoaji 114, Polisi 112.

*

Wahariri, habari za kazi. Naongoza kamati ya harusi ya mdogo wetu, itakayofanyika kwenye ukumbi mmoja hapa Nyegezi. Mpambaji ametupa bei ya "fataki baridi" nane za kuwashwa maharusi wakiingia. Anasema hata ukiweka mkono juu yake huungui, na meneja wa ukumbi ameshakubali. Tuendelee?
Mwenyekiti wa kamati, Nyegezi

Mwenyekiti, kwanza mwulize mpambaji: ni mashine ya umeme, au ni mirija ya karatasi inayowashwa kwa kiberiti? Kama ni mirija, jibu letu ni hapana. Ndani yake mna baruti inayowaka kwa moto halisi, na ikishawashwa hakuna wa kuizima.

Mashine ya umeme ina nafuu. Inapasha moto punje laini za titani na zirkoni, kisha feni inazirusha juu zikiwaka. Kila cheche ni ndogo mno, inapoa kabla haijafika chini, ndiyo maana mpambaji anathubutu kupitisha mkono. Lakini tumbo la mashine lenyewe ni moto mkali, na punje zilizomwagika kwenye kapeti bila kuwaka bado zinaweza kuwaka baadaye. Mashine ikishika moto ndani, usimwagie maji wala usitumie mtungi wa gesi ya kaboni, kwa sababu metali hizo zikishawaka zinapambana na vyote viwili na moto unazidi. Dawa yake ni mchanga mkavu. Wekeni ndoo moja ya mchanga kwa kila mashine mbili, na mtungi wa unga wa kuzimia moto kwa ajili ya vitambaa.

Vitambaa ndivyo vinavyotutia hofu zaidi. Mapambo ya siku hizi yanashuka kutoka darini hadi kichwani mwa wageni, na mengi ni poliesta, ambayo ikiungua inayeyuka na kudondoka huku inawaka. Chukueni futi mkapime. Kama cheche zinapanda mita 3, kitambaa kilicho juu yake kiwe mita 5 kutoka sakafuni au kiondolewe. Wageni, gauni la bibi harusi na shela vikae mita 3 kutoka kila mashine. Mashine nane kwenye njia nyembamba ya katikati haziwezi kutimiza hilo, kwa hiyo pangeni nne tu, mbili mbele ya jukwaa na mbili nyuma yake. Maputo yanayopaa nayo yaulizwe yamejazwa nini. Heliamu haiwaki. Haidrojeni, ambayo ni rahisi kupatikana, inawaka ikiwa imechanganyika na hewa kuanzia asilimia 4, na cheche moja inatosha.

Kuna vifo vya kweli nyuma ya maneno haya. Tarehe 20 Februari 2003, katika klabu moja ya muziki jimbo la Rhode Island, Marekani, cheche za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani kupunguza sauti. Watu 100 walikufa. Milango mingine ilikuwepo, lakini wengi walikimbilia ule waliouingilia, wakaangukiana hapo. Tarehe 27 Januari 2013, mji wa Santa Maria, Brazili, bendi iliwasha ndani fataki iliyotengenezwa kwa matumizi ya nje, kwa kuwa ilikuwa ya bei ndogo. Walikufa watu 242, wengi wao kwa moshi, maana sponji ikiungua hutoa gesi ya sayanaidi. Basi angalieni pia kuta za ukumbi na spika zimezungushiwa nini.

Kukubali kwa meneja hakutoshi. Ombeni kuona cheti cha ukaguzi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji cha mwaka huu. Milango yote ifunguke kutoka ndani bila ufunguo, na MC aionyeshe kwa mkono kabla ya shughuli kuanza: mmoja huu, mwingine ule. Haichukui hata dakika moja ya ratiba.

*

Tuna hoteli ndogo ufukweni, upande wa Ilemela. Tungependa kurusha fataki saa sita usiku wa kuamkia mwaka mpya, kuelekea ziwani ili zisiangukie nyumba za watu. Vibali tunaanzia wapi, na umbali gani unatosha?
Meneja, Ilemela

Anzia kituo cha polisi cha wilaya, kwa barua, wiki kadhaa kabla. Karibu kila Desemba Jeshi la Polisi hukumbusha wananchi kwamba kupiga fataki bila kibali ni kosa. Barua itaje mahali, saa ya kuanza na kumaliza, aina ya fataki, ukubwa wake kwa milimita, idadi, zilikonunuliwa na jina la atakayewasha. Nakala ipelekwe Zimamoto, kwa mkurugenzi wa Manispaa na kwa mwenyekiti wa mtaa. Hakikisheni kwanza eneo lenu liko halmashauri ipi, kwa sababu mji huu una mbili, Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela, na kila moja ina uwezo wa kutunga sheria ndogo zake. Ilemela ndiko uliko uwanja wa ndege, kwa hiyo waarifuni na watu wa anga. Fataki ya kipenyo cha milimita 150 hupanda karibu mita 180.

Juu ya umbali, kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa Marekani chini ya mwongozo wa NFPA, shirika lao la kinga ya moto, ni rahisi kukikumbuka: kwa kila milimita 25 za kipenyo, watu wakae mita 21 na kidogo mbali. Milimita 75 inadai mita 64, milimita 100 mita 85, na milimita 150 mita 128. Pimeni kwa futi kuanzia ulipo mrija hadi kiti cha mgeni wa mbele. Fukwe nyingi za hoteli zetu hazina mita 128, na hapo hakuna ujanja isipokuwa kupunguza ukubwa. Fataki za dukani za Ulaya zimegawanywa kwa madaraja: F2 inataka mita 8, F3 mita 15, na F4 haiuzwi kwa mtu asiyesomea kazi hiyo. Boksi likiwa na alama ya F4, msiliwashe wenyewe.

Sasa hilo la kurusha kuelekea ziwani. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku hugeuka, ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwa hiyo ni kweli kwamba masalia yataelekea majini, ila majini kuna watu. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao, wengine karibu kabisa na ufukwe, na ndani ya mtumbwi mna dumu la petroli ya injini. Pitieni mwalo wa jirani siku mbili kabla, mkaongee na uongozi wa wavuvi, mkubaliane eneo la kukwepa na saa. Jambo la pili husahauliwa na wengi: fataki nyekundu inayopaa na kuning'inia angani hufanana na ishara ya chombo kilicho hatarini. Mkirusha nyekundu tupu mmoja mmoja, ama mtaamsha waokoaji bure, ama, na hilo ni baya zaidi, mtazoesha watu kupuuza nyekundu ya kweli. Chagueni rangi nyingine. Na kama hoteli iko upande wa kusini unaotazamana na Kisiwa cha Saanane, kile ni hifadhi ya taifa tangu 2013. Msirushe kuelekea huko.

Kinachoharibika mara nyingi ni mrija kulala. Boksi la risasi nyingi likiwekwa juu ya meza au mchanga laini, mtikiso wa risasi za kwanza unaliinamisha na zilizobaki zinaruka kwa usawa wa vifua vya watu. Lizikeni nusu ya kimo chake ardhini, au libaneni kwa mifuko minne ya mchanga iliyoshindiliwa. Mwashaji asiinamishe kichwa wala mkono juu ya mdomo wa mrija hata kidogo, avae miwani ya kazi na nguo ya pamba, na asiwe ameonja pombe. Fataki ikikataa kuwaka, msiisogelee kwa nusu saa. Baada ya hapo mwagieni maji kwa mbali, kisha itumbukizeni kwenye ndoo ya maji hadi kesho yake. Mapambazuko, kabla watoto hawajaamka, mtu apite ufukwe wote kuokota zilizoanguka bila kulipuka. Watoto huumizwa pia na hizo za asubuhi.

*

Mwanangu wa miaka saba aliungua kiganja kwa fashifashi ya kushika mkononi. Bibi yake akampaka dawa ya meno. Ilikuwa sawa?
Mama wa Kirumba

Mama, pole sana. Haikuwa sawa, ingawa bibi alifanya kwa upendo. Dawa ya meno, mafuta, unga na majivu hufungia joto ndani na kumpa daktari kazi ya kukwangua. Kinachotakiwa ni maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida wala si barafu, kwa dakika 20. Hata zikiwa zimepita dakika kadhaa tangu aungue bado yanasaidia. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba, funika kwa kitambaa safi au plastiki safi ya kufungia chakula, nenda kituo cha afya. Kiganja cha mtoto kisitibiwe nyumbani, kwa sababu kovu likikaza vidole havinyooki.

Ile waya ya cheche inayoonekana ya kitoto hufika joto la nyuzi 1,000 na zaidi. Kama ni jicho limepigwa na kipande cha fataki, hapo msioshe, msisugue, msibonyeze. Funikeni kwa kitako cha kikombe cha karatasi kisichogusa jicho, mkimbilie hospitali yenye daktari wa macho. Maji ni kwa jicho lililoingiwa na kemikali.

*

Jirani yangu wa duka maeneo ya Makoroboi huingiza maboksi ya fataki kuanzia Novemba. Stoo yake na yangu zinatenganishwa na ukuta wa mbao, na upande wangu nina mafuta ya taa. Nimwambie nini bila kugombana?
Mfanyabiashara, katikati ya jiji

Mwambie kwamba sheria haimwachii stoo kuwa jambo lake binafsi. Vitu vya kulipuka nchini vinasimamiwa na Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, na anayeingiza au kuhifadhi bila kibali anajiweka pabaya yeye na bima ya jengo zima. Nawe, kwa upande wako, ondoa mafuta ya taa leo. Kwa hilo huna haja ya ruhusa ya mtu.

Fataki moja inawaka, lakini maboksi 200 ndani ya chumba kilichofungwa ni habari nyingine, kwa sababu joto na mgandamizo vinakosa pa kutokea na vyote vinakwenda kwa pamoja. Mji wa Enschede, Uholanzi, tarehe 13 Mei 2000, ghala la fataki lililokuwa katikati ya makazi lililipuka, likaua watu 23 na kubomoa mtaa. Bandari ya Beirut, tarehe 4 Agosti 2020, tani 2,750 za amonia naitreti zilizokaa ghala moja na fataki zililipuka. Dar es Salaam inakumbuka Mbagala, 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto, 16 Februari 2011. Yale yalikuwa maghala ya jeshi, si duka, lakini funzo la umbali kati ya ghala na nyumba ni lile lile.

Akikusikiliza, mzigo uhamie jengo la peke yake lisilo na watu wanaolala, bila umeme wa kuungaunga, maboksi yakiwa juu ya mbao na si sakafuni penye unyevu. Fataki iliyolowa ikakaushwa ni hatari kuliko mpya, haikaushwi, inateketezwa chini ya usimamizi. Asipokusikiliza, nenda kwa mtendaji wa kata na Zimamoto, kwa maandishi. Ugomvi wa wiki mbili unavumilika.

*

Shikamooni. Nafundisha kemia sekondari ya kata, wilaya ya Magu. Stoo yetu ya kemikali ni chumba kimoja, dirisha moja, na nimepanga chupa kwa alfabeti ili nizipate haraka wakati wa mitihani. Maji ya bomba hutoka siku mbili kwa wiki. Hakuna chemba ya kunyonya moshi. Mkaguzi amesema "haifai" bila kueleza. Nianzie wapi?
Mwalimu, Magu

Marahaba, Mwalimu. Anzia kwenye hiyo alfabeti. Inaweka unga wa alumini karibu na amonia naitreti, na potasiamu pamanganeti karibu na propanoli. Ukipanga kwa herufi unawakalisha pamoja maadui. Panga kwa tabia ya kemikali, halafu uandike daftari la alfabeti linaloonyesha rafu, ndipo utazipata haraka vilevile.

Rafu ya chini kabisa, chini ya usawa wa macho ya mfupi kuliko wote, ni ya asidi kali, kila chupa ndani ya beseni la plastiki linaloweza kubeba kimiminika chote ikivunjika na kubaki na nafasi. Asidi ya nitriki ikae beseni lake peke yake, maana ikikutana na ethanoli au asetoni inawaka. Kostiki soda na amonia ziende ukuta wa pili. Amonia ikikaa jirani na asidi ya hidrokloriki utaona vioo na vyuma vyote vinapata ukungu mweupe, ni mvuke wa chupa mbili unakutana hewani. Vinavyowaka, yaani ethanoli, asetoni, petroli etha, viwe kwenye kabati la chuma mbali na swichi, na ndani ya chumba cha darasa iingie ile tu ya kazi ya siku hiyo, si zaidi ya mililita 500. Vioksidishaji, kama klorati, naitreti na pamanganeti, vikae vikavu, mbali na salfa, sukari, mkaa na gliserini. Sodiamu ibaki imezama kwenye mafuta ya taa, ukaguzi kila mwezi, na isiwe chini ya paa linalovuja. Potasiamu iliyoota ganda la njano usiikate wala kuikwangua, inaweza kulipuka kwenye kisu. Iache, iandike kwenye orodha ya kuondolewa.

Kwenye orodha hiyo weka pia kitendanishi cha Millon kama bado kipo kwa ajili ya jaribio la protini. Kina zebaki. Kitendanishi cha biureti kinatosha. Na ukikuta chupa ya asidi ya pikriki iliyokauka, usiifungue, usiisogeze hata kidogo. Funga mlango na uwaite wataalamu.

Chupa kuukuu zisizo na lebo zisimwagwe chooni wala kufukiwa nyuma ya bweni. Maji ya visima na mito yetu yote yanaishia ziwani. Andika orodha: jina kama linajulikana, rangi, kiasi, hali ya chupa. Mkuu wa shule aipeleke Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Kanda ya Ziwa, hapa Mwanza, na nakala kwa NEMC, baraza la taifa la mazingira. Mamlaka hiyo ndiyo inayosimamia Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003.

Kuhusu maji. Jicho lililoingiwa na asidi au alkali linahitaji maji yanayotiririka kwa dakika 15 bila kukatika. Mkondo mdogo unaofaa ni lita 1.5 kwa dakika, maana yake lita 22.5 kwa mtu mmoja. Kwa hiyo hata siku isiyo na bomba usianze somo kabla hujaweka ndoo mbili za lita 20 zenye koki juu ya meza iliyo karibu na mlango, maji safi, yamebadilishwa wiki hiyo. Hakuna ndoo, hakuna vitendo. Tunalisema kwa ukali kwa sababu kostiki soda haimpi mtoto muda wa kutumwa kisimani.

Moshi: majaribio ya kutambua chumvi yanayotoa gesi ya hidrokloriki au naitrojeni dayoksaidi yafanyike kwa testi tyubu, kijiko cha chai kisichojaa, kwenye kibaraza, wanafunzi wakisimama upande upepo unakotoka. Kuzimua asidi ya salfuriki ni asidi ndani ya maji, kidogokidogo ukikoroga. Ukigeuza, maji huchemka juu ya asidi nzito na kukurukia usoni. Mtungi wa gesi ukae nje kwenye kizimba chenye nafasi za hewa, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hujilaza sakafuni hadi ikutane na cheche. Mlango ufungukie nje. Ndoo ya mchanga, kilo 5 za magadi ya kuokea kwa asidi iliyomwagika, blanketi moja la sufu. Vyote hivyo havifiki bei ya hadubini moja.

*

Chini ya ghorofa tunayoishi kuna chumba cha kununulia na kusafisha dhahabu. Jioni hutoka moshi wa rangi ya kahawia hadi ngazini, koo linawasha. Mwenye chumba anasema ni mvuke tu. Nina ujauzito wa miezi mitano.
Dada, katikati ya jiji

Dada, jioni hizo usikae hapo, nenda kwa ndugu hadi jambo hili litatuliwe. Moshi wa kahawia ni naitrojeni dayoksaidi. Unatoka pale asidi ya nitriki inapoyeyusha fedha na shaba zilizo ndani ya dhahabu. Ni mzito kuliko hewa, hivyo unajaa ngazini na vyumba vya chini. Ubaya wake ni kwamba mtu anaweza kukohoa kidogo, akajiona mzima, kisha mapafu yakajaa maji saa kadhaa hadi siku mbili baadaye. Aliyevuta mwingi aende hospitali siku hiyo hiyo na ataje jina la gesi.

Usioonekana unatutisha kuliko unaoonekana. Dhahabu nyingi ya wachimbaji wadogo hukamatwa kwa zebaki, na chumba hicho kinapoichoma tena, zebaki iliyobaki inapaa. Haina rangi, haina harufu. Inapita kwenye kondo hadi kwa mtoto na kuathiri ubongo unaokua. Ikipoa inatua kwenye pazia, vumbi la dari na mabati, kwa hiyo maji ya mvua ya paa hilo msinywe. Mwambie mkunga kliniki kuhusu chumba hicho, atakuelekeza kipimo.

Kazi hiyo inaweza kufanywa kwa usalama, na mwenye chumba aambiwe hivyo. Asidi ifanyiwe ndani ya chemba yenye feni inayovuta hewa mita 0.5 kwa sekunde kwenye mdomo wake, moshi upite kwenye mnara wa maji ya kostiki soda, na bomba la kutolea lipande juu ya paa la jengo refu kuliko yote ya jirani. Feni inayotoa kibarazani haihesabiki. Zebaki ichomwe ndani ya ritoti, chombo kilichofungwa ambacho mvuke wake hupozwa na kurudi kuwa zebaki ya kutumiwa tena. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Malalamiko yaandikwe na wapangaji wote, yenye tarehe na saa za moshi, yaende kwa afisa mazingira wa Jiji, NEMC na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, kwa mkupuo mmoja, ili asipate wa kumtupia mwenziwe mpira.

*

Mimi ni bodaboda. Nyakato huwa napewa viroba vya "dawa ya mchanga" nipeleke kwenye mtambo wa ilusheni, ule wa kutoa dhahabu kwenye kaboni iliyoinasa, siku nyingine pamoja na dumu la asidi. Wananilipa vizuri. Nivae nini?
Kijana, Nyakato

Mdogo wetu, usivae kitu, acha kazi hiyo. Kama viroba hivyo ni vya kuchenjulia dhahabu, basi ni sodiamu sayanaidi. Kiasi kinachoshikika kwenye ncha ya kijiko, miligramu 200 hadi 300, kinamwua mtu mzima. Ikikutana na asidi, hutoa gesi ya haidrojeni sayanaidi ambayo huna muda wa kuikimbia, na wewe unabeba vyote viwili kwenye kiti kimoja. Kwenye barabara yenye mashimo dumu likipasuka unaanguka wewe, abiria wa daladala iliyo nyuma, na anayekuja kukuinua. Wengine husikia harufu kama ya lozi chungu, wengine kwa maumbile yao hawasikii kabisa, hivyo pua si kipimo.

Mzigo huo husafirishwa ndani ya ngoma yake ya kiwandani iliyofungwa, yenye alama ya fuvu na namba UN 1689, kwa gari lililosajiliwa na dereva aliyefunzwa, bila asidi wala chakula ndani yake. Mwenye mtambo anajua. Mitambo hiyo huosha kaboni kwa asidi ya hidrokloriki, na hata pale sharti kaboni isafishwe sayanaidi kwanza, tena pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ya maji ya sayanaidi ishikiliwe juu ya 10.5 kwa kostiki au chokaa muda wote. Wafanyakazi wanaofanya hivyo mtamboni hawana udhuru wa kukupa wewe kiroba.

Ukimkuta mwenzio ameanguka karibu na mzigo kama huo, usimpulizie mdomo kwa mdomo. Piga 114, zuia watu wasiende upande upepo unakoelekea, subiri wenye vifaa. Akishatolewa kwenye hewa safi avuliwe nguo zote na aogeshwe kwa maji mengi, na hospitali iambiwe mapema neno "sayanaidi", kwa sababu dawa yake, haidroksokobalamini, lazima itayarishwe.

*

Maabara ya kupima afya imefunguliwa mtaani, maji yake meupe yenye harufu ya klorini yanaingia mtaro wa Mto Mirongo. Ni ya hatari?
Mkazi, Mabatini

Harufu ya klorini pekee si ubaya, huenda wanaua vijidudu inavyotakiwa. Waulizeni mambo matatu. Je, sampuli za makohozi na damu hupikwa kwenye otoklevu, jiko la mvuke wenye mgandamizo, nyuzi 121 kwa angalau dakika 30 kabla ya kutupwa? Sindano zinaingia kwenye kisanduku kigumu kinachofungwa kikifika robo tatu? Na mifuko ya njano na nyekundu inapelekwa kwenye tanuri gani? Wakiwaonyesha daftari la uchomaji na usajili wa Bodi ya Maabara Binafsi za Afya, shida iliyobaki ni bomba, nalo liunganishwe kwenye shimo lao au mfumo wa majitaka. Wasipowaonyesha, bwana afya wa kata aje na chupa ya kuchukulia sampuli kabla hawajapata muda wa kusafisha mtaro.